Sakafu ya Juu ya Jumba la Mvinje

Jumatatu, 1 Machi 1954

Watangaziwa watu wote, wa pwani na wa bara, wenye ardhi na wasio nayo, ya kwamba leo saa mbili asubuhi paka wa Bwana Mkebe amejifungua watoto wanne ofisini, juu ya ramani ya shamba, na kwamba mama na wana hawajambo. Kazi ilisimama mpaka saa nne. Meneja wetu, ambaye tunamwita Bwana Mkebe kwa sababu haachani na mkebe wake wa sigara, alisimama akiwatazama kama mtu aliyefiwa. Ramani ile ilikuwa ionyeshwe wakubwa wa kampuni.

Hivyo ndivyo mimi, Waziri bin Chirau, fundi wa chokaa, mwenye miaka arobaini na minane na magoti ya miaka sabini, nilivyopata habari ya pili ambayo haikutangazwa na mtu. Wakubwa wanakuja masika yakiisha. Wakilikuta Jumba linavuja, litabomolewa na matumbawe yake yatamwagwa barabara ya Msambweni yawe kifusi. Wakilikuta kavu, litabaki kuwa ofisi na ghala ya mbata, na Bi Mwanarusi atabaki katika chumba cha chini alimozaliwa yeye, na mama yake kabla yake. Hana kwingine. Mumewe alikufa, watoto hakujaliwa, na shamba lote, mpaka kisima, ni la kampuni.

Alhamisi, 4 Machi

Bwana Mkebe ameniita nimweleze historia ya Jumba ili aipige chapa, wakubwa wapate cha kusoma. Nikapewa kiti. Miaka ishirini na mbili nimeingia ofisi ile nikisimama.

Nikaanza na tajiri wa kwanza, Mwarabu wa minazi na watumwa, ambaye jina lake nimeambiwa mara tatu na kila mara likawa jingine. Yeye ndiye aliyejenga ghorofa mbili za matumbawe, kuta nene kama mkono ulionyooshwa, vidaka vya kuwekea vyombo asivyokuwa navyo, na juu badala ya paa sakafu bapa ya chokaa, ili akae jioni atazamwe na watu.

"Alipenda vyumba virefu vyembamba," akasema Bwana Mkebe, akiandika.

"Hakupenda, bwana. Boriti ya mkoko haipiti urefu ule. Mti ndio uliopima vyumba, yeye akalipia."

Akafuta.

Baada yake akaja Mwingereza wa mpira. Yule alipanda miti ya mpira, akangoja utajiri, na wakati akingoja akatoboa ukuta wa upande wa bahari akatia madirisha ya vioo. Utajiri haukuja. Ufa ulikuja, upo mpaka leo, mkono unaingia. Kisha kampuni, iliyoongeza veranda ya mabati ili mvua isikike vizuri. Kila mwenye Jumba alilikuta likiwa zima akaliacha na kovu, kisha akaandikwa kuwa ndiye aliyelitengeneza.

Nilizungumza mpaka adhuhuri. Kiti ni kitu kizuri sana.

Jumatano, 10 Machi

Tumeletewa mtu wa simiti. Anaitwa Chome, Mduruma wa Kinango, kule bara kusikopatikana maji, kijana wa miaka thelathini hivi. Kazi aliipata kambi ya jeshi Mackinnon Road, wakati Waingereza walipokuwa wakilimwagia jangwa zege ili jangwa lisikimbie. Amevaa viatu vya jeshi vinavyosikika kabla hajaonekana.

"Shikamoo, Mzee Waziri."

"Marahaba. Mmeyaacha salama maji huko Kinango?"

"Salama, mzee. Vikombe vyote viwili."

Sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani.

Bwana Mkebe ameamua, kwa hekima yake aliyoipata wapi sijui, kwamba sakafu ya juu igawanywe nusu kwa nusu. Upande wa barabara atengeneze Chome kwa simiti, upande wa bahari nitengeneze mimi kwa chokaa, naye aone ipi bora. Watu wazima tunashindanishwa kama majogoo. Nikamwambia Chome mbele ya watu, ili ajifunze au akasirike, lolote litakalotangulia:

"Sikiliza. Tumbawe linapumua, na chokaa inapumua nalo. Ukilifunika na simiti maji hufungiwa ndani, boriti inaoza kimyakimya, na siku moja unakunywa chai unaona miguu ya mtu wa ghorofani. Lakini utajuaje, nyumba za kwenu hufa kwa kiu."

"Ndiyo, mzee," akasema.

Bi Mwanarusi alikuwa anachambua mchicha barazani. Akasema bila kuinua uso: "Ule upande ulio juu yangu apige Waziri." Nikajiona kimo kimeongezeka.

Ijumaa, 12 Machi

Kiti. Nimefika kwenye bomba la choo la mwaka 1911.

Jumatano, 17 Machi

Kiti.

Jumatano, 24 Machi

Leo viti vilikuwa viwili. Amefika Haji Makame kutoka Vanga, nahodha mstaafu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kudai kwamba Jumba lilijengwa na babu wa babu yake.

"Babu yako huyo alikuwa na mashua, si minazi," nikamwambia.

"Mwenye mashua hawezi kununua minazi?"

"Anaweza. Lakini huondoka nayo."

Tulibishana saa nzima, Bwana Mkebe akiandika yote. Mwishowe akatabasamu akasema ataandika kwamba Jumba ni la Wareno, kwa sababu wakubwa wamewahi kusikia habari za Wareno. Haji akaondoka amenuna. Mimi nikabaki kunywa chai.

Bi Mwanarusi akanisimamisha mlangoni. "Wewe unaandikisha habari za nyumba hii?"

"Naandikisha, Bi Mwanarusi."

"Basi andikisha kwamba bibi yangu alibeba matumbawe haya kichwani, bahari ikipwa, tangu mwambani mpaka hapa. Alikuwa na upara mviringo utosini, kama sahani ya kikombe. Hakununuliwa na Mreno."

Nikamwahidi. Nitamwambia Bwana Mkebe siku ikifaa.

Jumamosi, 3 Aprili

Chome amemaliza upande wake. Ni kijivu, ni bapa, hauna sura, kama ukurasa uliofutwa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo, mzee."

Mke wangu Biasha ameuliza kwa upole wake wa kisu, "Baba Esha, siku hizi sakafu inapigwa kwa makalio?" Akimaanisha kiti.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua ya kwanza kubwa. Nimeanza kazi leo. Boriti mbovu kumi na moja zimetolewa.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua. Tumejenga kibanda cha makuti juu ya Jumba ili tufanye kazi chini yake. Bwana Mkebe anasema Jumba limevaa kofia. Amejichekea peke yake.

Jumatano, 28 Aprili

Boriti zimekaa. Mabamba ya matumbawe yamekaa. Kokoto na chokaa iliyolala shimoni tangu mwaka jana zimemwagwa, nene kiganja na nusu.

Imebaki kupiga, na kupiga ndiyo sakafu yenyewe. Wanawake kumi na wawili wanakaa safu mbili, kila mmoja na gongo fupi, wanapiga chokaa mbichi huku ikinyunyiziwa maji, wanasogea kidogokidogo mpaka mwisho wa sakafu, wanageuka, wanarudi. Siku saba. Anayesema sita ni mwongo au ni kontrakta. Na haipigwi bila wimbo, kwa kuwa wimbo ndio unaofanya magongo yashuke pamoja. Pasipo wimbo kila mmoja hupiga kwa hasira zake mwenyewe, hapa pakashikana, pale pakabaki na tundu zisizoonekana.

Jumamosi, 1 Mei

Tumeanza kupiga. Mbodze ndiye anayeanzisha nyimbo. Wimbo wa kwanza ulikuwa juu ya fundi mmoja aliyeota mizizi kwenye kiti. Wanawake walicheka, magongo yakaharibika mwendo, ikabidi tuanze upya. Bwana Mkebe akauliza wanaimba nini. Nikamwambia dua.

Jumapili, 2 Mei

Siku ya pili. Chome amepanda kutazama. Alikaa pembeni akiyafuata magongo kwa macho, kisha akauliza kwa nini maji yananyunyiziwa kabla ya pigo na si baada yake. Nikamwambia hiyo ni elimu ya watu wenye maji.

Jumatatu, 3 Mei

Mwezi umeonekana. Ramadhani karimu. Sakafu imekamilika, alhamdulillahi.

Jumanne, 4 Mei

Tumeondoa makuti. Nimepaka chokaa nyeupe, inameta. Bwana Mkebe amepiga picha, mimi mbele, mkono kiunoni.

Jumatatu, 10 Mei

Mvua. Funga njema.

Alhamisi, 13 Mei

Mvua. Bi Mwanarusi anasema tone limeangukia chungu chake. Nikamwambia ni jasho la ukuta. Kuta za zamani hutoka jasho.

Jumatatu, 17 Mei

Chome amenifuata msikitini, akangoja nje mpaka nimetoka. "Mzee, upande wako kuna mahali panabonyea nikikanyaga."

"Na nani kakutuma ukanyage?"

"Hakuna aliyenituma. Nina turubai. Tupafunike nalo mpaka mvua zipungue."

"Nifunike kazi yangu kwa turubai la jeshi, watu waone? Nenda kalifunike jangwa lenu."

Hakusema "ndiyo, mzee." Aligeuka akaenda zake. Adabu zimekwisha duniani.

Alhamisi, 20 Mei

Mvua tangu alfajiri mpaka alfajiri.

Jumamosi, 22 Mei

Jioni ya leo, wakati wa kufuturu, sakafu ya juu imeanguka upande wa bahari. Boriti tano na chokaa yote iliyokuwa juu yake zimepita ghorofa ya kati zikatua kwenye chumba cha Bi Mwanarusi. Kitanda chake hakionekani. Kwa bahati, yeye mwenyewe alikuwa nje.

Nilikuwa nyumbani na kikombe cha uji mkononi niliposikia. Nilikimbia, kwa kadiri magoti haya yanavyojua kukimbia. Vumbi lilikuwa limeshatulizwa na mvua. Bwana Mkebe alikuwa barazani na taa, na juu, ukingoni mwa simiti, alikuwa amesimama Chome, amelowa chapachapa, ameshika pembe ya turubai. Turubai lenyewe lilikuwa linaning'inia kwenye tundu.

"Huyu alikuwa anafanya nini juu?" Bwana Mkebe akaniuliza.

Nikamjibu kwamba sakafu ya chokaa isiyopata jua haikanyagwi na viatu vya jeshi. Hilo ni kweli. Fundi yeyote wa pwani atakuambia ni kweli.

Chome akashuka. Alinisikia. Akapita kati yetu akaenda zake.

Jumatatu, 24 Mei

Chome amefukuzwa. Ameondoka na lori la mbuzi la Kinango. Bi Mwanarusi analala kwetu, chumba cha Esha aliyeolewa. Bwana Mkebe amepiga chapa ripoti kwenda Mombasa kwamba fundi wa simiti ameharibu kazi ya fundi wa chokaa, na kwamba huenda Jumba lote likabidi kubomolewa.

Ijumaa, 28 Mei

Futari hailiki. Biasha hanisemeshi ila kwa mambo ya chumvi.

Alhamisi, 3 Juni

Idi. Bi Mwanarusi ameniuliza swali moja.

Jumatatu, 7 Juni

Chome amerudi. Sababu nitaiandika nikipata uso.

Jumanne, 15 Juni

Boriti mpya, mabamba mapya, makuti juu. Mvua za rasharasha. Chome hanizungumzishi ila kazi. Mkono wake ni mzuri. Namlaumu aliyempeleka Mackinnon Road.

Alhamisi, 17 Juni

Tumeanza kupiga. Mbodze na wenzake hawakuimba juu yangu. Ingekuwa afadhali waimbe.

Jumatano, 23 Juni

Siku saba. Nimezihesabu mimi, akazihesabu Chome, akazihesabu Bi Mwanarusi aliyekuwa anapandishiwa kiti cha ukindu kila asubuhi ili azihesabu mwenyewe.

Alhamisi, 1 Julai

Wakubwa wamekuja jana. Watatu, wekundu, kofia kubwa. Walikaa Jumbani dakika ishirini, kumi kati ya hizo wakitazama watoto wa paka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na chumba cha Bi Mwanarusi kilikuwa kikavu kama kiganja. Walichungulia, wakasema "guudi", wakatoka. Juu hawakupanda, ngazi ni nyembamba kwa mwili wa ukubwa. Jumba linabaki. Bi Mwanarusi amerudi kwake leo na kitanda kipya.

Kabla hawajaondoka, Bwana Mkebe aliwasomea historia yake, Wareno na yote, na mwisho wake kwamba sakafu ya juu iliharibiwa na mtu wa Kinango aitwaye Chome, ikaokolewa na fundi Waziri. Nilikuwa nimemwambia ukweli mwezi mzima uliopita. Alinisikiliza, akasema Chome anaweza kurudi kazini, lakini ripoti ilikwisha kwenda Mombasa na karatasi haziwezi kusema leo hivi na kesho vile. Mkubwa mmoja akanipa mkono. Chome alikuwa hatua tatu nyuma yangu, amebeba ndoo.

Karatasi ile itakaa Mombasa miaka mingi kuliko sisi. Basi naandika hapa jinsi ilivyokuwa.

Sakafu haikukamilika tarehe 3 Mei. Ilipigwa siku tatu. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Mbodze aliweka gongo chini akasema, "Mwezi mtukufu hatuimbi, Mzee Waziri. Tuache na makuti yake juu, tumalizie Idi ikipita." Alisema sawasawa. Kazi ilikuwa ianze mwezi wa tatu, nami mwezi wa tatu niliumaliza kwenye kiti, nikisimulia mabomba. Ningeyaacha makuti, Bwana Mkebe angeuliza kwa nini, na Chome angeona kwamba alimaliza mwezi mzima kabla yangu. Nikayatoa. Chokaa nyeupe niliipaka ili wekundu wa kokoto zisizoshikana usionekane. Tone la Bi Mwanarusi nililijua lilipotoka tangu siku ile ya kwanza. Nilipanda juu nikaona mahali penyewe, nikapaka tena.

Jioni ya tarehe 22 Waislamu wote wa shamba tulikuwa ndani tunafuturu. Chome hafungi, alikuwa nje peke yake, akasikia boriti inalia. Hakuanza na turubai. Alianza na Bi Mwanarusi, akamchukua kwa mikono miwili kutoka kwenye mswala wake, magharibi hajaimaliza, akamweka barazani. Kisha ndipo akapanda kujaribu kuifunika kazi yangu. Viatu vyake havikuangusha kitu. Alipofika juu sakafu ilikwisha kuinama, na ilipoanguka yeye alikuwa bado amesimama kwenye simiti yake, ambayo haikutikisika.

Haya aliniambia Bi Mwanarusi siku ya Idi, baada ya kuniuliza lile swali. Aliuliza, "Waziri, Bwana Mkebe hakuniuliza mimi kitu, lakini wewe nimelala kwako siku kumi na mbili. Mbona hujaniuliza nilitokaje nje?"

Sikumwuliza kwa sababu nilikuwa najua kwamba kuna jibu.

Habari ya bibi yake pia sikumpelekea Bwana Mkebe. Siku haikufaa, kila siku. Kiti kile hakikuwekwa kwa ajili ya habari za wanawake waliobeba mawe. Nimempelekea sasa. Amesema atatazama kama kuna nafasi ukurasani.

Kinango nilikwenda Jumamosi, tarehe 5, siku ya pili baada ya kukiri kwa Bwana Mkebe. Nilimkuta Chome anapiga lipu duka la Mhindi kwa udongo, kwa kuwa barua ya Bwana Mkebe ilikuwa imeshatangulia na hakuna aliyempa simiti. Mkewe Dama alinipa maji. Niliyanywa bila utani.

Nikamweleza yote, siku tatu, makuti, viatu. Alikuwa anasikiliza huku mwiko ukienda ukutani. Nilipomaliza nikasema kwamba, kama atakubali kurudi, upande wa bahari ni wake sasa, aumwagie simiti, nami nitamchanganyia.

"Simiti hapana," akasema. "Tumbawe limelowa mwezi mzima. Ukilifunika sasa maji yatafungiwa ndani, boriti itaoza."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Ukinitukana nilikuwa nasikiliza."

Akaendelea na ukuta mpaka ukaisha, na mimi nikimsogezea udongo. Kisha akanawa mikono, akamuuliza Dama kama shati lake limekauka.